Ving'amuzi Vitatu, Mshahara Mmoja

Jumamosi moja jioni, hapa Masese, mwanangu wa kwanza aliniuliza swali lililonishinda. "Baba, kama tunavyo ving'amuzi vitatu, mbona hatuna mpira?" Nikavitazama vilivyopangwa chini ya televisheni, kimoja juu ya mwenziwe kama matofali, vyote malipo yake yamekwisha. Mke wangu hakutamka neno. Alifungua tu daftari la matumizi ya nyumba, akanionyesha ukurasa wa karo.

Ndugu wasomaji, hasa ninyi mlioko kambini na katika nyumba za polisi, bila shaka mnalijua jambo hili. Televisheni ya Uganda ilipoanza mwaka 1963, stesheni ilikuwa moja, na mwenye seti alihitaji antena tu juu ya paa. Kisha ukaja mfumo wa dijitali, ambao tarehe ya mwisho ya kimataifa ya kuuingia ilikuwa 17 Juni 2015, na king'amuzi kikawa chombo cha nyumbani kama jiko. Hilo lenyewe halikuwa baya. Taabu ni kwamba jiko moja hupika vyakula vyote, bali king'amuzi kimoja hakipiki mechi zote.

Sababu ni hii. Mwenye ligi huuza haki ya kuionyesha kwa kampuni itoayo fedha nyingi, naye huiahidi kwamba hapana mwingine atakayeionyesha. Ndiyo maana Ligi Kuu ya Uingereza huonekana SuperSport, yaani kwa DStv na GOtv. Azam ilitia sahihi mwaka 2021 mkataba wa miaka 10 wa Ligi Kuu ya Tanzania. StarTimes nayo ilipatana na FUFA mwaka 2018 kuhusu ligi yetu wenyewe. Basi mtu apendaye Arsenal, Simba ya Dar es Salaam na BUL ya hapa Jinja, afanyeje?

Wapo wasemao kwamba makampuni yakiwa mengi bei itashuka. Mwaloni kwetu hapa Masese ni kweli: wauzaji wakiongezeka, bei hulegea, kwa kuwa sangara wa huyu ni sawa na sangara wa yule. Lakini mechi haina pacha. Aliye nayo ni yeye peke yake, nawe utalipa atakacho.

Vijana hunishauri nihamie kwenye intaneti. Huko nako mambo ni yale yale. Netflix ilipofika kwetu Januari 2016, wengi walidhani kapu limekuwa moja. Mwaka 2019 Disney ikaanzisha huduma yake, ikazirudisha filamu zake kwake. Tena saa moja ya picha safi yaweza kula data ya gigabaiti 3, na tangu Julai 2021 data hiyo hutozwa ushuru wa asilimia 12, uliochukua nafasi ya zile shilingi 200 kwa siku za mwaka 2018. Unalipia filamu, kisha unailipia na njia ya kupitia.

Mimi kampuni moja, ambayo sitaitaja, iliihamisha stesheni ya watoto kutoka fungu la chini hadi fungu la juu katikati ya likizo. Nilipopiga simu, niliambiwa kwa upole mwingi niongeze fedha.

Wanaume tunacho kibanda, na sauti ya VJ Jingo akifasiri filamu kwa Kiganda ni starehe ya pekee. Kiingilio huonekana kidogo. Hebu kihesabu pamoja na soda, kila Jumamosi na Jumapili, mwezi mzima! Na mama na mabinti wamebaki nyumbani wakitazama kioo cheusi.

Shemeji yangu, askari polisi aliyehamishiwa Mbale, ndiye aliyenifumbua macho. Yeye hulipa mwezi ule tu apatao likizo, na miezi mingine hukizima king'amuzi bila haya. Nasi tukaketi, watoto wakiwamo, tukakubaliana: king'amuzi kimoja kwa mwezi, kwa zamu, na karo kwanza.

Mwezi huu ni zamu ya mama watoto, naye amechagua tamthilia. Mpira wa Jumamosi nitausikiliza redioni.