Mbwa wenu anasikiliza maneno ya nani nyumbani?

Shangazi alifika Jumamosi jioni bila kupiga simu. Alikuta geti halijafungwa, akaingia kama anavyoingia siku zote. Hakujua kwamba Simba, mbwa wetu, alikuwa ameshafunguliwa.

Simba alimwendea akibweka, shangazi akarudi nyuma hadi mgongo ukagusa geti. Tukatoka wote ndani kwa pamoja. Baba watoto akapaza sauti, “Kaa chini!” Mimi nikasema, “Acha!” Dada wa kazi akasema, “Toka hapo!” Mwanangu wa miaka sita akatoa amri ya Kiingereza aliyoiokota kwenye katuni. Simba akageuka, akatutazama mmoja mmoja, kisha akaendelea kubweka mpaka baba watoto alipomshika.

Hakuna aliyeumia. Baadaye, tukiwa mezani, tulicheka. Shangazi hakucheka.

“Huyo mbwa ana mabwana wanne na kila mmoja ana lugha yake,” alisema. “Siku akimwendea mtoto wa jirani mtamwambia nini?”

Swali lake lilinikaa kichwani. Je, mbwa anaelewa maneno kweli, au anasikia kelele tu?

Anayejua majina 1,022

Mwaka 2004, watafiti wa Taasisi ya Max Planck mjini Leipzig, Ujerumani, walieleza katika jarida la Science habari za mbwa aitwaye Rico. Alijua majina ya vitu zaidi ya 200, vingi vikiwa vya kuchezea. Ukimtajia jina, anakwenda chumba kingine, anachagua na kukuletea.

Watafiti wakachanganya kitu kigeni katikati ya vile anavyovijua, wakataja jina ambalo hajawahi kulisikia. Mara saba kati ya kumi Rico alileta kile kigeni. Ni kama alijiambia: hivi vingine vyote vina majina yake, basi jina hili jipya ni la hiki. Watoto wadogo nao huokota maneno kwa njia inayofanana na hiyo. Wiki nne baadaye, bila kukiona tena kitu hicho, alikipata katika nusu ya majaribio.

Kisha akaja Chaser wa Marekani. Profesa mstaafu wa saikolojia, John Pilley, alimfundisha majina ya vitu 1,022 kwa miaka mitatu, saa nne hadi tano kwa siku. Alimwonyesha kitu kimoja kwa wakati, akakitaja kwa jina lilelile mara nyingi, na zawadi yake ilikuwa kucheza.

Mzazi, usikimbilie kumlaumu mbwa wako. Rico na Chaser ni wachache sana. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Eötvös Loránd mjini Budapest, Hungary, wamegundua kwamba mbwa wengi wa nyumbani hushindwa kujifunza hata majina ya vitu viwili vya kuchezea baada ya miezi ya mafunzo. Ila wale wachache wenye kipaji hukumbuka kwa muda mrefu. Mwaka 2024 watafiti hao walieleza kwamba vitu vilifichwa miaka miwili, na vilipotolewa tena mbwa bado walikumbuka majina ya vingi.

Simba naye anajifunza

Mbwa wa kawaida hana shida na maneno ya kutenda: njoo, kaa, acha, kula, twende. Katika utafiti wa Kanada uliochapishwa mwaka 2022, wenye mbwa walitaja kwa wastani maneno 89 ambayo mbwa wao huyaitikia, na karibu nusu yake yalikuwa amri.

Anayajuaje? Hafundishwi maana kama mtoto wa darasa la kwanza. Anasikia sauti, kisha anaona kinachofuata. Sauti hiyohiyo ikifuatwa na jambo lilelile mara nyingi, anaviunganisha. Ikifuatwa na mambo tofauti, anaiacha ipite.

Hapa ndipo wengi wetu tunakosea. Mbwa ameiba nyama, tunamwita, “Simba, njoo!” Akija anakula fimbo. Kwetu tumemwadhibu kwa wizi. Kwake, “njoo” ndiyo fimbo. Siku anakimbilia barabarani, au anamwendea mtoto, ukiita “njoo” anazidi kwenda mbali.

Sauti yako pia ina kazi. Mwaka 2016 watafiti wa Budapest walipima ubongo wa mbwa 13 waliofundishwa kulala kimya ndani ya mashine. Sehemu ya ubongo inayohusika na furaha ya zawadi iliitikia zaidi neno la sifa lilipotamkwa kwa sauti ya sifa. Kumsifu kwa sauti ya kawaida hakukufika, wala kutamka maneno matupu kwa sauti tamu.

Tulichofanya sisi

Tuliandika maneno manne kwenye karatasi, tukaibandika mlango wa jikoni: Hapa, Kaa, Acha, Bandani. “Njoo” tulilistaafisha, kwa sababu tulishaliharibu wenyewe.

- Kila mtu anatumia maneno hayohayo, hata dada na mgeni anayelala.
- Neno linatamkwa mara moja. Ukirudia mara kumi, mbwa anajifunza kusubiri la kumi.
- Akitii anapata zawadi hapohapo: kichwa cha dagaa kinatosha.
- Haitwi kamwe ili apigwe.
- Mazoezi ni dakika tano, na mtoto hafanyi bila mtu mzima pembeni.

Maneno hayatoshi kumlinda mtoto. Mtoto mdogo asiachwe peke yake na mbwa, wala asimsogelee anapokula au anaponyonyesha. Mbwa apate chanjo ya kichaa cha mbwa kila mwaka. Mtoto akiumwa, hata jeraha likiwa dogo, lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nendeni hospitali siku hiyohiyo.

Wiki ya nne shangazi alirudi. Simba alianza kubweka. Nikasema mara moja tu, “Bandani.” Alisimama, akanitazama, akamtazama shangazi, kisha akageuka taratibu kama mtu aliyeonewa, akaenda.

Mwanangu alikimbia jikoni kuleta dagaa. Shangazi aliingia bila kusema neno. Ila siku hizi, kabla ya kuja, anapiga simu.