Mtunzi, Mchapishaji na Mwenye Mali: Suala la Umiliki katika Hadithi za Katuni na Filamu Zake

Utangulizi

Kihusishi cha a-unganifu katika Kiswahili hubeba mzigo mkubwa kuliko umbo lake. Anayesema "hadithi ya Juma" aweza kuwa na maana ya hadithi aliyoitunga Juma, au hadithi iliyo mali ya Juma, au hadithi inayomhusu Juma. Katika mazungumzo ya kawaida utata huo hauna madhara, maana muktadha huuondoa. Katika mkataba wa uchapishaji, hata hivyo, maana hizo ni mambo matatu mbalimbali, na mtunzi asiyezitenga aweza kuiona hadithi yake ikiwatajirisha wengine huku yeye akibaki na sifa tu, au hata sifa asiipate.

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi suala hili lilivyojitokeza katika uchapishaji wa hadithi za katuni nchini Marekani, ambako watunzi walipigania kwa miaka mingi haki ya kumiliki kazi zao, na jinsi umiliki huo unavyotiwa majaribuni hadithi inapohamishwa kutoka karatasini hadi kwenye sinema na televisheni.

Kazi ya ujira

Mfano unaotajwa mara nyingi ni ule wa Jerry Siegel na Joe Shuster, vijana wawili wa Cleveland waliombuni Superman, mmoja akiandika na mwingine akichora. Mwaka 1938 walipokea dola 130 kwa hadithi ya kwanza, na kwa saini zao wakamkabidhi mchapishaji haki zote za mhusika huyo. Mhusika alienea redioni, katika filamu na katika bidhaa za kila aina. Watunzi walifungua kesi mwaka 1947, lakini hawakumrudisha mikononi mwao. Ilipofika mwaka 1975, filamu kubwa ya Superman ilipokuwa ikitayarishwa, walikuwa wazee wenye dhiki, na Shuster alikuwa karibu kupoteza uwezo wa kuona. Baada ya malalamiko yao kutangazwa hadharani, kampuni ya Warner ilikubali kumlipa kila mmoja dola 20,000 kwa mwaka na kurudisha majina yao katika kazi hiyo. Filamu ilitoka mwaka 1978 ikiwa na majina hayo.

Ifahamike kwamba mchapishaji hakuvunja sheria. Utaratibu wa siku hizo ulimhesabu mchoraji kama fundi anayelipwa kwa ukurasa. Akiisha kulipwa, kazi ilikuwa ya aliyemlipa, kama vile meza isivyokuwa ya seremala baada ya kuuzwa. Kasoro ya mlinganisho huu ni kwamba meza haizai meza nyingine, ilhali mhusika wa hadithi huzaa vitabu, filamu na vitu vya kuchezea kwa vizazi vingi. Sheria ya Marekani ya mwaka 1976, iliyoanza kutumika mwaka 1978, ilipunguza makali ya utaratibu huo. Kazi iliyoagizwa kwa mtu asiyekuwa mwajiriwa haihesabiwi kuwa kazi ya ujira ila iwe ya aina zilizotajwa na sheria, na pande zote mbili ziwe zimeandikiana na kutia saini.

Njia ya kujimilikia

Watunzi wengine hawakungoja sheria. Will Eisner, alipoanza kuchora The Spirit mwaka 1940, alikwisha kupatana kwamba umiliki ungekuwa wake. Mwaka 1984 Kevin Eastman na Peter Laird walijichapishia Teenage Mutant Ninja Turtles, toleo la kwanza likiwa na nakala zipatazo 3,000 tu. Kwa kuwa hapakuwa na mchapishaji wa kudai chochote, wenye kutaka kutengeneza vitu vya kuchezea, vipindi vya televisheni vilivyoanza mwaka 1987, na filamu ya mwaka 1990, iliwalazimu kupatana na watunzi wenyewe. Filamu hiyo ilikusanya zaidi ya dola milioni 200. Mwaka 2009 Laird, ambaye alikuwa amenunua sehemu ya mwenzake, aliiuzia Viacom haki hizo kwa takribani dola milioni 60. Ni kweli kwamba hatimaye mali iliuzwa, kama ilivyouzwa ile ya Siegel na Shuster. Tofauti ni kwamba hawa waliuza wakati walioutaka wao, thamani ya bidhaa ikiwa imekwisha kujulikana.

Mwezi wa Novemba mwaka 1988 kikundi cha watunzi kilikutana Northampton, Massachusetts, kikatoa azimio la haki 12, ambalo sehemu kubwa yake iliandikwa na Scott McCloud. Miongoni mwa haki hizo ni kumiliki kikamilifu kile ambacho mtu amekibuni kikamilifu, kurudishiwa michoro ya asili, na kuwa na mwanasheria wakati wa mapatano. Azimio hilo halikuwa na nguvu ya sheria, lakini liliwapa watunzi msamiati wa kudai kwa pamoja yale waliyokuwa wakiyanung'unikia mmoja mmoja.

Mwaka 1992 wachoraji saba mashuhuri, akiwamo Todd McFarlane, waliunda kampuni ya Image Comics. Katika utaratibu wake, kampuni humiliki jina na alama yake tu. Hutoza ada maalumu kwa kila toleo, na kinachobaki ni cha mtunzi. Lakini uhuru huu una gharama, kwa maana mtunzi hapati malipo ya ukurasa kabla ya kuuza. Nakala zisiponunuliwa, hasara ni yake.

Kutoka karatasini hadi kwenye skrini

Mtayarishaji wa filamu akiipenda hadithi, kwa kawaida haanzi kwa kuinunua. Hutoa arbuni, yaani malipo ya kuishikilia haki kwa muda uliowekwa ili mtu mwingine asiichukue. Muda ukipita bila filamu kutengenezwa wala mapatano kuongezwa, haki humrudia mtunzi na arbuni hubaki kwake. Hadithi nyingi huishia hapo.

Filamu inapotengenezwa, maswali mawili huzuka: nani anayetawala maana, na nani anayeshika daftari. Kuhusu la kwanza, Marjane Satrapi alishirikiana na Vincent Paronnaud kuielekeza filamu ya Persepolis ya mwaka 2007 iliyotokana na kitabu chake mwenyewe. Kinyume chake, Alan Moore na Dave Gibbons waliahidiwa kwamba Watchmen ingewarudia baada ya kitabu kuacha kuchapishwa. Kitabu kilipendwa mno hata hakikuacha kuchapishwa, na hivyo haki hazikurudi. Filamu ilipotoka mwaka 2009, Moore alikataa jina lake lisiwekwe ndani yake. Ustadi wake ndio uliomnyima mali yake.

Kuhusu daftari, mfano bora ni The Walking Dead, iliyoanzishwa na Robert Kirkman na mchoraji Tony Moore mwaka 2003 chini ya Image. Televisheni ya AMC iliionyesha kuanzia mwaka 2010 hadi 2022. Mwaka 2012 Tony Moore alimshtaki Kirkman kuhusu sehemu yake, wakapatana mwaka huohuo. Mwaka 2017 Kirkman na wenzake nao waliishtaki AMC. Kampuni hiyo ilikuwa mtayarishaji na mtangazaji kwa wakati mmoja, na faida ilihesabiwa kwa bei ambayo kampuni ilijitoza yenyewe kwa karatasi. Mwaka 2020 jaji aliamua kwamba maneno ya mkataba yaliiruhusu kufanya hivyo. Hapana shaka kwamba Kirkman alikuwa mwenye hadithi. Lakini umiliki wa kitabu si umiliki wa hesabu, na mali bila daftari hupotea bila habari.

Hitimisho

Mambo haya si mageni kwa watunzi wa Kiswahili. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inaichukua kazi iliyoagizwa, au iliyofanywa katika ajira, kuwa imehamia kwa mwagizaji au mwajiri, isipokuwa pande husika zimekubaliana vingine. Msomaji wa Taifa Leo aliyezoea kusema "Juha Kalulu wa Edward Gitau" alimtaja mtunzi, na hakukosea. Mwanasheria akisikia maneno hayohayo huuliza kwanza karatasi inasemaje.

Hapo ndipo wataalamu wa lugha wanapohitajika. Mikataba inayoandikwa au kufasiriwa kwa Kiswahili haina budi kutenga mtunzi, mmiliki na mwenye leseni, na kutaja mbalimbali haki ya kuchapisha, ya kufasiri, ya kuigiza na ya kutangaza. Palipo na a-unganifu peke yake pana mwanya, na kwa desturi anayepita katika mwanya huo si mtunzi.