Shahidi asiyeitwa: Lugha, Warumi na historia ya Bonde la Ufa

Hapa Nakuru hukosi kumsikia mtu akidai kwamba Wamaasai ni masalia ya kikosi cha Warumi kilichopotelea jangwani. Ushahidi? Shuka inayotupwa begani, eti kama vazi la Mrumi, na sime inayofanana na upanga mfupi wa askari wa Roma. Dai hili hunoga sana vijiweni. Lakini kuna shahidi mmoja ambaye wenye dai hawajamwita kizimbani. Shahidi huyo ni lugha.

Warumi walipokutana na mataifa mengine waliacha maneno. Chukua neno letu 'kasri'. Tumelipata kwa Waarabu, nao asili yake ni Kilatini 'castra', yaani kambi ya jeshi. Vilevile 'dinari' ilianza safari yake ikiitwa 'denarius', sarafu ya fedha ya Roma. Ikiwa Kiswahili, ambacho hakikuwahi kutawaliwa na Roma, kimebaki na nyayo hizo, je, watoto wa damu wa Warumi wangekosa hata neno moja la baba zao? Msamiati wa msingi wa Kimaasai hauna Kilatini. Ndugu zake ni Kisamburu cha hapa kwetu, na Kilotuko na Kibari cha Sudan Kusini. Basi, kesi imekwisha.

Cha kuchekesha ni kwamba mbinu hii ya kuihoji lugha ilikuzwa na wanahistoria wa Roma yenyewe. Kwa mujibu wa mapokeo, Roma ilianzishwa mwaka wa 753 KK. Hata hivyo, Mrumi wa kwanza tunayemjua kuandika historia ya mji huo, Fabius Pictor, aliandika zaidi ya miaka 500 baadaye. Yaliyotangulia yalijulikanaje? Mwaka wa 1811, Barthold Georg Niebuhr alianza kuchapisha kitabu chake kuhusu historia ya Roma. Alishikilia kwamba visa vingi vya wafalme wa kwanza vilitokana na nyimbo za kale zilizopokezanwa kwa mdomo kabla ya kuandikwa. Kwa lugha ya madarasa yetu, alikuwa akisema kwamba chimbuko la historia ya Roma ni fasihi simulizi!

Theodor Mommsen, ambaye Historia ya Roma aliyoitoa kati ya 1854 na 1856 ilichangia kumpa Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka wa 1902, hakuziamini sana hadithi hizo. Yeye aliyageukia maneno. Alitazama jina la ng'ombe: 'bos' kwa Kilatini, 'bous' kwa Kiyunani, 'gaus' kwa Kisanskriti cha India. Jina ni lile lile. Kisha akatazama plau: 'aratrum' kwa Kilatini na 'arotron' kwa Kiyunani, lakini hakuona mwenzake katika Kisanskriti. Akahitimisha kwamba mababu wa mataifa hayo walifuga pamoja kabla ya kutengana, na kwamba kilimo cha plau kilikuja baadaye. Wataalamu waliomfuata wamerekebisha baadhi ya matokeo yake, lakini njia yenyewe ilibaki.

Sasa tazama maajabu. Mnamo 1963, Hugh Trevor-Roper, profesa wa historia wa Oxford, alidai kwamba Afrika haikuwa na historia ya kufundishwa ila ile ya Wazungu barani humu. Roma isiyo na maandishi ilichunguzwa kwa nyimbo na maneno yake. Afrika isiyo na maandishi ikaambiwa haina lolote. Majibu hayakukawia. Mwaka wa 1967 Bethwell Ogot alichapisha historia ya Waluo wa Kusini iliyojengwa juu ya masimulizi ya wazee. Mwaka wa 1971 Christopher Ehret naye akatoa kitabu kuhusu Waniloti wa Kusini, wakiwemo Wakalenjin, akitumia ushahidi wa maneno.

Mfano mmoja unatosha. Kumi kwa Kikalenjin ni 'taman', na kwa Kimaasai ni 'tomon'. Warendille husema 'tomon', na Wasomali 'toban'. Wataalamu huona kwamba neno hili lilitoka kwa Wakushi. Namba huikopi kwa mtu usiyeketi naye mkahesabu kitu. Nyuma ya neno hilo dogo kuna majirani, kuna masoko, pengine kuna mahari. Lakini tahadhari: kukopa neno si kuwa na ukoo mmoja, kama vile sisi kusema 'dinari' hakutufanyi Warumi.

Majina ya mahali pia husema. Nakuru, Naivasha na Elementaita ni majina yenye asili ya Kimaasai. Mkataba wa 1904 uliwaondoa Wamaasai katika sehemu hizi, wengine wakapelekwa Laikipia, ambako nako waliondolewa kuanzia 1911. Watu walihamishwa, majina yakabaki.

Msomaji asidhani haya ni mambo ya maktabani tu. Tarehe 26 Mei 2017, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, iliamua kwamba haki za Waogiek wa Msitu wa Mau zilikiukwa, na ikawatambua kuwa jamii asilia. Katika kueleza utamaduni wao, ilitaja pia lugha yao. Mwaka wa 2022 ikaamuru walipwe fidia. Kwa jamii isiyo na hatimiliki za karne zilizopita, jina la mti, la mto au la aina ya asali ni ushahidi.

Ndiyo maana nasikitika kijana wa mjini anaponiambia kwamba lugha ya nyanya yake ni ya salamu tu. Nimekifundisha Kiswahili maisha yangu yote na ninakipenda, lakini sikitakii kisimame juu ya makaburi ya lugha jirani. Mommsen alikuwa na mawe yaliyochongwa maandishi ya Kilatini. Hata ukichelewa karne moja, jiwe utalikuta. Sisi tuna wazee. Likizo hii, chukua daftari, au hiyo simu yako, uwaulize majina ya vitu wanavyovijua wao peke yao.