Kuzama, Kuzamia, Kuopoa: Msamiati wa Meli Zilizolala Chini ya Maji



Naomba nianze na neno mzamiaji. Kwa umbo lake ni mtu anayezama kwa kufuata kitu: kitenzi -zama, kauli yake ya kutendea -zamia, kisha nomino ya mtenda. Lakini mtajie neno hilo kijana wa bandarini Dar es Salaam, naye atamfikiria mtu aliyejificha melini ili asafiri bila nauli. Nadhani ndiyo sababu mtu ashukaye majini na mtungi wa hewa mgongoni tunapendelea kumwita mpiga mbizi. Maana ya kwanza haijafa, imesongwa tu.

Kauli ya kutendesha nayo ina kisa chake. Meli Graf von Götzen iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikasafirishwa vipande vipande hadi Kigoma na kushushwa ziwani mwaka 1915. Julai 1916 Wajerumani, wakirudi nyuma vitani, waliizamisha wenyewe karibu na mlango wa Mto Malagarasi, baada ya kuipaka mitambo yake grisi nzito isiliwe na kutu. Ilizamishwa, tena kwa nia ya kurudiwa. Walioirudia ni Waingereza: waliiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza kazi upya kwa jina la Liemba, jina la kale la Ziwa Tanganyika kwa wakazi wa kusini mwake.

Mombasa, manowari ya Wareno Santo António de Tanná ilizama mbele ya Ngome ya Yesu mwaka 1697, wakati ngome ikiwa imezingirwa na Waarabu wa Omani. Kati ya 1977 na 1980 wapiga mbizi waliichimbua huko huko chini. Mbao zilizofunikwa na tope zilikuwa zimesalia, kwa kuwa ndani ya tope hewa ni haba na viumbe vitobozavyo mbao haviishi. Zilizobaki wazi zililiwa. Kueleza kazi hiyo Kiswahili hakipati taabu yoyote: vyombo vya udongo viliibuliwa, mizinga iliopolewa, na kilichobaki ni mabaki ya meli.

Taabu huanza tunapofika Ziwa Viktoria. Tarehe 21 Mei 1996, MV Bukoba ilipinduka karibu na Mwanza ikiwa na abiria wengi kupita kiasi. Wengi wa daraja la tatu hawakuwa hata kwenye orodha ya majina. Ilielea kwa muda, chini juu. Tundu lilipotobolewa ili watu watolewe, hewa iliyokuwa ikiishikilia ikatoka, nayo ikazama. Walikufa mamia ya watu.

Katika habari za ajali kama hiyo hupishana vitenzi viwili vinavyotofautiana kwa konsonanti moja: kuokoa na kuopoa. Aliye na nduguye melini huisubiri konsonanti hiyo. Kuopoa ni kutoa kitu majini. Aopolewaye amekwisha kuwa kitu. Mtanijibu kwamba husemwa pia “aliopolewa akiwa hai”. Ni kweli, lakini angalieni kwamba “akiwa hai” hulazimika kutajwa, ilhali hakuna asemaye “aliokolewa akiwa hai” ila kwa kuteleza ulimi.

Siku hizi watalii huzamia kutazama meli zilizozama, na maandishi ya safari hizo hutufikia tuyafasiri. Humo meli zote ni “mabaki”, na mabaki yote ni “vivutio”. Kwa manowari ya Mombasa nayakubali maneno hayo mawili. Lakini waliopolewa kutoka MV Bukoba wengi wao walizikwa Igoma, Mwanza, na wapo ambao hawakupata kuopolewa. Nikifika kwenye meli hiyo, mimi huandika kaburi.