Gego la Mwisho: Ung'oe au Uliache?

Wengi wetu huwa tumeshamaliza shule, wengine tumeshavishwa pete ya uchumba, ndipo jino jipya linapoanza kuchungulia kule nyuma kabisa ya mdomo. Ni gego la mwisho, ambalo mara nyingi hujitokeza kati ya miaka 17 na 25. Wapo wanaoliita jino la akili, eti huja pamoja na utu uzima. Akili gani hiyo, shosti, inayokuamsha saa nane ya usiku na kukufanya ushindwe hata kufungua mdomo upitishe tonge?

Kwa kawaida magego haya huwa manne, mawili juu na mawili chini. Kuna watu wanaopata mawili tu, na wengine hawapati hata moja maisha yao yote, wala hiyo si kasoro. Wenye bahati, yanatoka yamenyooka, yanatafuna nyama choma kama mengine na hakuna anayekumbuka yapo. Shida huanza pale taya linapokuwa fupi. Jino linakosa pa kutokea, linalala kwa ubavu, linaegemea jirani yake, au linatoa kichwa nusu na kuishia hapo, huku nusu nyingine ikibaki imefunikwa na fizi. Ya chini ndiyo yanayosumbua zaidi.

Sasa shavu likishavimba, kila mtu anageuka kuwa daktari. Mama mkwe anasema suuza na chumvi litakwisha. Rafiki yako wa saluni anakwambia alishang'oa yote manne na hajutii. Mumeo, ambaye yuko machimbo ya Nyarugusu wiki ya tatu sasa, anakwambia kwenye simu: "Ngoja nirudi tuone." Na wewe upo Kahama na shavu kama umebugia andazi zima. Umsikilize nani?

Jino lisilo na kosa

Tuanze na lile gego ambalo halijawahi kukuuma. Umeenda kuzibwa jino jingine, ikapigwa picha, daktari akasema, "Una gego la mwisho limelala, tulitoe?" Usikimbilie kusema ndiyo. Uingereza walilipima suala hili, na Machi 2000 taasisi inayotoa miongozo ya matibabu huko, NICE, ikaelekeza kwamba gego la mwisho lililokwama lakini halina ugonjwa wowote lisitolewe eti kwa kujihami tu. Marekani hali ni tofauti kabisa, vijana wengi huko hutolewa magego haya hata kabla hayajawauma. Lakini hata huko kuna wanaopinga. Mwaka 2007 daktari wa meno Jay Friedman aliandika katika jarida la afya ya jamii la Marekani kwamba angalau theluthi mbili ya kazi hiyo haikuwa na ulazima.

Na lile la kwamba gego la mwisho linasukuma meno ya mbele yabanane na kuharibu tabasamu? Dada zetu wanaojiandaa kwa send-off wanaliogopa sana hili. Ukweli ni kwamba utafiti haujathibitisha hivyo. Meno ya mbele ya chini huweza kubanana kadiri umri unavyosonga hata kwa mtu ambaye magego hayo hakuwahi kuwa nayo. Kwa hiyo usikubali kupasuliwa fizi kwa ajili ya picha za harusi.

Ila kutong'oa si sawa na kusahau. Gego lililolala linatakiwa kuangaliwa kila unapokwenda kwa daktari wa meno, kwa sababu linaweza kuozesha jino lililo mbele yake bila wewe kuhisi chochote. Linapoegemea, linaacha kipenyo ambacho mswaki haufiki. Chakula kinakaa humo miezi na miaka. Siku unapohisi maumivu, unaweza kukuta gego zuri la pili, ambalo ungekaa nalo hadi uzee, limeshatoboka.

"Rangi mbili" mara ngapi?

Hapa ndipo penye mambo, hasa kwa watu wa machimbo. Mfikirie kijana wa miaka 24 anayeshinda kwenye duara huko Rwamagasa au Mgusu. Gego lake la chini limetoka nusu. Chini ya kile kipande cha fizi kinacholifunika panaingia mabaki ya chakula, vijidudu vinazaliana, fizi inavimba, gego la juu linaitafuna kila anapofunga mdomo. Mdomo unatoa harufu (na mpenzi wake anaanza kugeuza uso bila kusema kwa nini). Anakwenda duka la dawa muhimu, ananunua kapsuli za rangi mbili na Flajili za siku mbili, pamoja na diklofenaki. Maumivu yanakata. Anarudi shimoni. Baada ya miezi miwili, mchezo uleule.

Dawa ile haijatibu kitu. Imepunguza moto tu, kuni bado zipo. Kipande cha fizi kipo, mfuko wa uchafu upo, jino bado limekwama. Kinachosaidia mara ya kwanza ni daktari kusafisha chini ya hiyo fizi, kisha wewe kusukutua kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi na kupiga mswaki mpaka kule nyuma hata kama panauma. Antibayotiki huhitajika pale uambukizo unapoanza kusambaa, yaani kuna homa, uvimbe unatoka nje ya fizi au mdomo haufunguki vizuri. Na zikiandikwa, ni dozi kamili, si vidonge vinne vya kufungiwa kwenye karatasi.

Miongozo ile ya Uingereza ilikuwa na kipimo kizuri ambacho hata sisi kinatufaa: fizi ikivimba mara moja na ikapona, hiyo peke yake si sababu ya kung'oa, isipokuwa kama ilikuwa kali mno. Ikirudi mara ya pili, sababu ya kulitoa imepatikana. Kwa mtazamo wangu, kwa mtu anayeishi mbali na hospitali, mara hiyo ya pili ndiyo ya kupanga safari, tena wakati uvimbe umeshatulia, si kusubiri ya tano. Sababu nyingine zisizo na mjadala ni jino lililooza lisilozibika, jipu, uvimbe wa maji ndani ya taya, au jino linaloharibu jirani yake.

Na tafadhali, usiweke aspirini juu ya fizi, inaunguza. Maji ya betri usithubutu hata kuyafikiria.

Kwa nini nasisitiza? Kwa sababu uambukizo wa magego ya chini una njia mbaya ya kushuka. Unaweza kupita chini ya ulimi na chini ya taya, shingo ikavimba na kuwa ngumu, ulimi ukainuliwa juu, mgonjwa akashindwa kumeza hata mate yake, na mwishowe pumzi ikazibwa. Daktari Mjerumani, Wilhelm Friedrich von Ludwig, aliueleza ugonjwa huu mwaka 1836, na mpaka leo unaua. Ukiona mtu ana uvimbe chini ya kidevu, anatoa mate, sauti imebadilika, anapumua kwa shida, hapo hakuna kusubiri mgao wa mawe wala mshahara wa mwisho wa mwezi. Ni kukodi gari usiku huohuo.

Nani anakung'oa, na wapi?

Gego lililotoka lote na kusimama wima ni kazi ya kawaida ya kiti cha meno: sindano ya ganzi, koleo, limetoka. Hospitali ya wilaya inaiweza. Lililolala ndani ya mfupa ni habari nyingine. Fizi inachanwa, mfupa unapunguzwa kidogo kwa mashine, jino linakatwa vipande na kutolewa kipande kwa kipande, kisha nyuzi. Inaweza kuchukua dakika ishirini, inaweza kuzidi saa. Hii usiifanye mahali ambapo hakuna eksirei, hata kama bei ni nusu.

Picha inahitajika kwa sababu moja kubwa: ndani ya taya la chini unapita mshipa wa fahamu unaoleta hisia kwenye mdomo wa chini na kidevu. Mizizi ya gego ikiwa imeugusa, unaweza kutoka na ganzi isiyoisha. Kwa wengi wanaopatwa na hali hiyo huondoka baada ya wiki au miezi, na inayobaki moja kwa moja ni chini ya mtu mmoja kwa mia. Lakini fikiria kula huku hujui kama uji unakudondoka kidevuni. Ni haki yako kumuuliza daktari: mizizi iko karibu kiasi gani na mshipa? Umeshatoa mangapi ya namna hii? Daktari mzuri hakasiriki.

Kuna kosa jingine la kuangalia. Mgonjwa anafika akiwa na maumivu makali, analazimisha, "Ng'oa hili hapa," na linalong'olewa ni gego la pili, kwa kuwa ndilo linaloonekana na kushikika. Wiki ijayo maumivu yako palepale, na jino zima limekwenda.

Kwa wakazi wa ukanda huu, anzia hospitali ya rufaa ya mkoa, Shinyanga au Geita. Ikishindikana hapo, rufaa ya kanda iliyozoeleka ni Bugando, Mwanza. Zamani mtu wa Geita aliyeandikiwa Bugando alihesabu pia muda wa kusubiri kivuko cha Kigongo–Busisi, shavu likimpwita. Tangu Juni 2025 daraja limefunguliwa na ziwa linavukwa kwa dakika chache. Hata hivyo, kabla hujakata tiketi ya basi, hakikisha kwa simu kwamba daktari bingwa wa upasuaji wa kinywa atakuwepo siku hiyo. Kusafiri bure na jino bovu ni mateso mara mbili.

Umri nao una neno. Kijana wa miaka 20 mfupa wake bado una ulaini na mizizi haijakomaa sana, anapona haraka. Kadiri miaka inavyozidi 25, kazi huwa ngumu zaidi na kupona huchukua muda. Hiyo haina maana kwamba mzee wa miaka 45 asing'olewe, ila ajiandae.

Mfukoni na chumbani

Wapenzi wengi hugombana hapa. Mmoja anaona ni anasa, mwenzake ndiye anayelia usiku. Pigeni hesabu pamoja, na muiweke yote mezani: picha, upasuaji, dawa, nauli ya watu wawili, pa kulala Mwanza, na siku za kutofanya kazi. Hicho cha mwisho husahaulika. Anayeshuka duarani au kubeba mawe kwenda karasha asirudi kesho yake, kwani kunyanyua mzigo kunaweza kuamsha damu. Kama una bima, uliza mapema inalipia nini. Halafu mkalinganishe na vile vidonge vya kila baada ya miezi miwili kwa miaka mitatu. Kuna nyumba zitashangaa.

Dada, kama una ujauzito, mwambie daktari mapema, kwa sababu kisichoweza kusubiri hutibiwa, na miezi ya katikati ndiyo inayofaa zaidi, lakini dawa huchaguliwa. Mwenye vidonda vya tumbo, kisukari, presha au anayetumia dawa za kuyeyusha damu naye aseme kabla ya sindano.

Baada ya kung'oa, ng'ata pamba kwa nusu saa bila kuitoa kila dakika kuangalia. Siku ya kwanza usisukutue, usiteme mate kwa nguvu, usinywe kwa mrija. Maji ya chumvi yaanze siku ya pili. Uvimbe hupanda siku ya pili na ya tatu, usikushtue. Kula uji uliopoa, mtori, viazi vya kupondaponda, samaki sato aliyechambuliwa miba. Michembe, bisi na karanga za kukaanga viage kwa muda.

Kinachotakiwa kulindwa ni lile bonge la damu lililoziba shimo. Likitoka mapema, mfupa unabaki wazi na kati ya siku ya tatu na ya tano yanakuja maumivu yanayopanda hadi sikioni, makali kuliko ya jino lenyewe. Wavutaji sigara hupatwa zaidi, na kina dada wanaotumia vidonge vya uzazi wa mpango pia. Ikitokea, rudi hospitali wakusafishe na kuweka dawa, usivumilie nyumbani. Sigara isiguswe kwa siku tatu angalau, na ikiwezekana wiki nzima.

Na busu? La shavuni, upande usiovimba, ruksa hata leo jioni. La mdomoni lile la kunyonyana linavuta kama mrija, kwa hiyo lisubiri wiki. Mwambie mwenzio mapema, asije akadhani umemchoka.