Kontena isiyopita Rusumo na hesabu za mfanyabiashara

KIGALI. Kenya ilishusha Kodi ya Ongezeko la Thamani kutoka asilimia 16 hadi 14 mwezi Aprili 2020, kisha ikairudisha 16 Januari 2021. Aliyekuwa akiuza huko kwa kutumia programu ya simu au kompyuta alihitaji irekebishwe mara mbili ndani ya miezi tisa. Hapa Rwanda, Airtel iliinunua Tigo mwaka 2018, na programu zilizopokea malipo ya Tigo Cash zikawa zinategemea huduma iliyobadili mwenyewe.

Mabadiliko ya aina hiyo hayamsubiri mfanyabiashara. Bei iliyopigwa kwa kodi ya zamani ni hasara, na ankara yenye kasoro inaweza kuulaza mzigo mpakani.

Programu ya mauzo hutegemea sehemu nyingi: ya malipo kwa simu, ya kukokotoa kodi, ya kubadili faranga kuwa shilingi, ya kumtumia mteja ujumbe mfupi. Mwandishi wa programu asiye makini huitaja kampuni ya malipo kwenye ukurasa wa mauzo, wa madeni na wa ripoti ya mwezi. Kampuni ikibadilika, hupekua ukurasa mmoja mmoja. Akisahau mmoja tu, mauzo yatasoma sawa huku madeni yakidanganya.

Dawa yake huitwa kontena ya huduma. Si ile inayobebwa na lori kutoka Dar es Salaam kupitia Rusumo. Ni sehemu ndogo ndani ya programu inayofanya kazi ya mtunza stoo. Ukurasa wa mauzo huiomba huduma ya malipo, nayo huupa ile iliyosajiliwa. Kampuni ikibadilika, kiunganishi kipya huandikwa mara moja na usajili hubadilishwa mahali pamoja. Kurasa nyingine haziguswi.

Kwa anayeuza Gisenyi na Goma, kontena hiyo hiyo inaweza kushika kanuni mbili za kodi: asilimia 18 ya Rwanda na 16 ya Kongo.

Kontena haihitaji kuwa kubwa. Pimple, ya lugha ya PHP, iliyoandikwa na Mfaransa Fabien Potencier, ilianza ikiwa faili moja ya mistari isiyofika 100. Haitengenezi huduma mpaka iombwe, na ikishaitengeneza huitoa hiyo hiyo kwa kila anayeihitaji. Pia hurahisisha majaribio: huwekwa huduma bandia ya malipo, programu ikapimwa bila hata faranga moja kutumwa.

Hata hivyo, kontena haiponyi kila kitu. Mtandao wa malipo ukizimika, umezimika. Na kwa programu ndogo ya kujumlisha mauzo ya siku, kuiweka ni kuongeza kazi bure.

Kigali haikosi watu wa kuulizwa. kLab ilifunguliwa mwaka 2012 kuwalea vijana wa teknolojia, na Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon cha Marekani kina tawi hapa. Kabla ya kulipia programu, mfanyabiashara amuulize mtengenezaji maswali matatu: Kodi ikibadilika, utarekebisha sehemu ngapi? Itachukua siku ngapi? Utajaribuje bila kugusa fedha zangu? Akijibu kwamba lazima apitie programu nzima, gharama hiyo iingizwe kwenye bei tangu mwanzo.