Una jengo maarufu shambani kwako? Yafahamu malungu ya Ufipa

Hivi karibuni kwenye kipindi tuliuliza swali jepesi: ukipewa nauli leo, ungependa kutembelea jengo gani maarufu? Simu zikamiminika. Mama mmoja alitaja Ikulu ya Chamwino. Kijana akasema Uwanja wa Benjamin Mkapa, siku ya mechi ya watani. Mwingine akavuka bahari hadi Ufaransa kwenye Mnara wa Eiffel, "maadamu nauli ni ya redio."

Kisha akapiga babu mmoja wa hapa Mpui. "Mwanangu, jengo langu lipo shambani. Kila msimu nalizunguka na plau. Mwaka huu nataka nilivunje, ng'ombe wapite vizuri."

Studio tulicheka. Baadaye nikaona kuwa babu ndiye aliyetoa jibu zito kuliko wote.

Alikuwa anazungumzia ilungu, tanuru la kufulia chuma la Wafipa. Yakiwa mengi ni malungu. Wengi tuliokulia huku tumechezea humo kibemasa tukichunga ng'ombe, bila kujua tumejificha ndani ya kazi ya mafundi.

Ilungu hujengwa kwa udongo. Huwa pana chini na hupungua kuelekea juu, na kimo chake hufika mita 3 hivi, karibu mara mbili ya mtu mzima. Chini lina matundu kulizunguka. Hapo ndipo penye akili. Ukiwasha moto ndani ya kitu kirefu kilicho wazi juu, hewa ya moto hupanda, na hewa ya baridi huvutwa kuingia kupitia matundu ya chini. Kwa hiyo ilungu lilijipuliza lenyewe, bila mtu kushika mivukuto. Mafundi walipanga mkaa na mawe yenye chuma, wakawasha, na moto ukafanya kazi siku kadhaa, usiku na mchana.

Chuma hakikutoka kama uji. Kilitoka bonge lenye takataka. Bonge hilo lilipelekwa kwenye tanuru dogo liitwalo kintengwe, na huko ndiko mivukuto ilikotumika kulisafisha. Kisha mhunzi akafua majembe na mashoka.

Mnara wa Eiffel ni wa chuma, na ulikamilika mwaka 1889. Wakati huohuo, wazee wetu Ufipa nao walikuwa wakitoa chuma chao mlimani. Moto wa malungu ulikuja kuzimika enzi za ukoloni, majembe ya kiwandani yalipojaa madukani.

Kwa nini tujali? Tuangalie Zanzibar. Beit al-Ajaib ilijengwa mwaka 1883 na Sultani Barghash, na ilikuwa na umeme na lifti watu wakiwa bado wanashangaa taa. Mwaka 1896 Waingereza walipiga mizinga pale Forodhani, jengo likabaki limesimama. Lakini Desemba 25, 2020, likiwa katika ukarabati, sehemu yake iliporomoka na watu wawili wakapoteza maisha. Jengo linaweza kuishinda mizinga, likashindwa na uchakavu.

Ilungu ni la udongo, na mvua zetu mnazijua. Ukiliongezea plau, haligeuki kuwa tofali wala faida. Linakuwa kifusi tu.

Kama unalo shambani, fanya haya: acha nafasi kulizunguka, usilime hadi kwenye mguu wake. Kata miti inayoota juu yake, lakini usiing'oe mizizi, maana itatoka na ukuta. Wazuie watoto kupanda. Lipige picha kwa simu yako, kisha mjulishe mtendaji wa kijiji ili taarifa ifike kwa afisa utamaduni wa wilaya. Na kama kuna mzee anayekumbuka habari zake, mrekodi leo, usingoje kesho.

Babu tumempigia tena. Amesema plau itasubiri, ila anauliza: wageni wakianza kuja, kiingilio ni shilingi ngapi?